Gitaa la Julai

Hebu mtazame mtu huyu anavyofika. Ni saa tano za asubuhi, basi la kwenda Soroti limesimama Nakaloke, nje kidogo ya mji wa Mbale, upande ule wa barabara wanakokaa wauza nyanya. Mlango unafunguka, na kabla hajashuka mtu unatangulia mzigo. Ni kitu kirefu kilichoviringishwa shuka la maua, kimefungwa kamba mahali patatu, na kondakta amekibeba kwa mikono miwili kama mgonjwa anayetolewa zahanati. Baada ya mzigo inafuata kofia. Kisha mguu mmoja unaoitafuta ardhi. Halafu mzee mwenyewe, mrefu, mkavu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote na jua hilo, na kucha za mkono wake wa kulia ni ndefu kuliko za mkono wa kushoto. Anaupokea mzigo wake, anauegemeza kifuani, basi linaondoka, naye haendi popote.

"Mzee, panda twende!" bodaboda watatu wanampigia kelele kwa pamoja.

"Bado."

"Bado nini? Unangoja basi lingine likushushe tena?"

Wauza nyanya wanacheka. Mzee naye anacheka kidogo, kwa adabu tu. "Niacheni kwanza nipumue," anasema.

Wala hakuwa amechoka. Alikuwa anaogopa. Jina lake Alfayo Khaemba, umri wake ulikuwa miaka sitini na sita, na Julai ile ya mwaka 2024 alikuwa ametoka Jinja kuja kukabidhi gitaa ambalo alikuwa amelichelewesha miaka miwili. Alitaka kulikabidhi kwa mikono yake mwenyewe, na kuomba radhi kwa mwenye zamu kabla mmoja wao hajafa. Ndilo jambo zima, ndugu yangu. Nitakusimulia lilivyofika hapo, na nitakwenda polepole.

Alfayo ni mtu wa Bungoma, Kenya. Aliingia Uganda akiwa utingo wa lori. Lori likavunjika ekseli Jinja, dereva akarudi kutafuta spea, Alfayo akaachwa alilinde. Alililinda wiki tatu. Spea ilipofika, lori likaondoka na Alfayo akabaki, kwa sababu katika wiki hizo tatu alikuwa amekwisha kuonana na Nabirye, binti wa Kisoga aliyemletea chai na mihogo, halafu akaacha kuleta na kuanza kukaa. Akaoa. Akafungua banda la kuziba pancha katika mtaa wa Mpumudde, huko huko Jinja, na banda hilo lipo mpaka leo, kwenye ile njia ya vumbi inayopanda kutoka shuleni.

Kama unapenda muziki na ukapita pale Jumapili mchana, utakuta wazee wanne watano wamekalia matairi mabovu. Wote walipiga muziki katika baa na harusi za Jinja zamani hizo. Hawazungumzi siasa sana. Mazungumzo yao yanapenda kurudi mahali pamoja: gitaa la kwanza zuri ambalo kila mmoja aliwahi kuwa nalo. Nasema zuri. Yale ya mabati na waya wa breki kila mtu alikuwa nayo, hayahesabiwi.

"Langu nililitoa Tororo, kwa mwalimu aliyekuwa anahama," husema Gordon, aliyekuwa akipiga besi. "Jekundu, linang'aa, hata mke wangu aliliangalia kwa wivu. Nikalisahau juani siku moja tu. Moja! Niliporudi lilikuwa limefunguka mgongo kama kitabu."

"Ukalisoma?"

"Nikalisoma nikalia."

Basi hucheka, na kila mmoja hulikumbuka lake. Mengine yaliibwa, mengine waliyauza mtoto alipougua, mmoja alilikalia mwenyewe kwa ulevi. Halafu humgeukia Alfayo. "Na wewe?"

"Langu bado ninalo."

"Nusu yake!"

"Nusu," Alfayo alikuwa akikubali. "Lakini ninayo."

Nusu ya pili ilikuwa ya Matia Okiror.

Matia alikuwa askari magereza, mtu wa kabila la Wateso kutoka upande wa mji wa Kumi, mfupi, mpana wa mabega, mwenye uso ambao ungedhani anakwenda kukukamata hata akiwa anakuuliza habari za nyumbani. Mwaka 1991 alileta baiskeli yake kuzibwa pancha. Akamkuta Alfayo anapiga gitaa la kukodi. Alilichukua mikononi mwa Alfayo, akaligeuza, shingo ikaelekea kulia, akaanza kupiga kwa mkono wa kushoto.

"Afande, umelishika kichwa chini," Alfayo akamwambia.

"Hapana. Ni wewe umeshika yako kichwa chini," Matia akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha kambini, bila kucheka. "Mimi nasubiri baiskeli. Imba."

Wakaimba. Baiskeli ilikuwa tayari saa nane, Matia akaondoka jioni. Kuanzia hapo wakawa wawili: kila Jumamosi, baa hii na ile, harusi, matanga, ubatizo. Magitaa yalikuwa ya kuazima. Lile la kwaya waliloazima mara nyingi lilikuwa limepinda shingo kama upinde, nyuzi zimesimama mbali na ubao hata unaweza kupitisha kidole chini yake. Kulibonyeza mpaka likubali kusema kulitaka nguvu za kufungua nati za gurudumu. Walikuwa wakimaliza harusi vidole vimechanika, wanakula pilau kwa kijiko kwa sababu ya pilipili.

Mwaka 1994 walichanga nusu kwa nusu. Alfayo akadandia lori la mtu wa kwao hadi Nairobi, akapanda ngazi za duka moja, akakaa mle nusu siku akiyajaribu magitaa mpaka mwenye duka akamletea soda kwa huruma. Alilorudi nalo lilikuwa la rangi ya asali, mbele mbao nyepesi, nyuma mbao nzito, na funguo za kukazia nyuzi zilizozunguka laini kama zimepakwa siagi. Alikaa nalo mapajani kutoka Nairobi mpaka Malaba. Forodhani askari akamuuliza ndani ya shuka kuna nini, akajibu, "Mtoto wetu." Askari akafunua, akaangalia, akafunika tena polepole.

Sasa sikiliza jambo ambalo Alfayo alipenda sana kulisimulia, maana ndani yake ndimo ulimo utamu wote wa siku zile. Wiki ya kwanza, gitaa lile zuri lilitoa sauti mbaya! Lilipiga kelele, likateleza nje ya wimbo, wakaangaliana kama watu waliotapeliwa. Kosa halikuwa la gitaa. Miaka yao yote walikuwa wamezoea kubonyeza kwa nguvu kama wanaopigana na adui, na hili lilitaka kuguswa tu. Ukilikandamiza, uzi unavutika na sauti inapotoka. Ikabidi watu wazima wawili, mmoja wa matairi na mwingine wa magereza, wajifunze upole upya. "Kidole kidogo," Matia alikuwa akimwambia, "kidole kidogo, bwana, hii si mfungwa." Siku waliyoipata sauti yake, Nabirye aliacha kufua, akaja na mikono yake yenye povu, akasimama mlangoni. Hakusema kitu. Na kwa Nabirye, kutosema kitu ni sifa kubwa.

Mwaka uliofuata Matia akahamishiwa Mbale. Akapanga chumba Nabuyonga, akamwoa Roselyn, na baadaye alipostaafu akajenga kule Nakaloke. Gitaa lingefanyaje? Lingeuzwa wagawane? Hata hawakulitaja hilo. Wakaligawa kwa mwaka: Januari mpaka mwisho wa Juni ni la Alfayo, Julai mpaka mwisho wa Desemba ni la Matia. Lilikuwa likisafiri kwa basi, likikabidhiwa kondakta, juu ya viti viwili vilivyolipiwa.

Lakini mmoja alipiga kwa kulia na mwingine kwa kushoto, na gitaa la kulia si la kushoto; kulipiga kichwa chini, kama Matia alivyofanya na yale ya kuazima, ni kubabaisha tu. Lazima uzitoe nyuzi zote sita, ukichomoe kile kijiti cha mfupa kinachozishika juu ya shingo, ukigeuze, uzirudishe nyuzi kinyume, nene ilipokuwa nyembamba. Wakawekeana desturi: anayetuma ndiye anayegeuza. Yaani Alfayo kila mwisho wa Juni alikaa akalipanga gitaa kwa mkono wa Matia, na Matia kila mwisho wa Desemba akalipanga kwa mkono wa Alfayo, ili mwenzake afungue shuka na kupiga papo hapo, shuka likiwa bado na vumbi la safari. Uzuri wake ni kwamba ukishalipanga kwa mkono wa mwenzio, wewe huwezi kulipiga tena. Hakuna tamaa ya kusema nilale nalo siku mbili zaidi.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Mwaka 1997 Matia aliandika barua wiki moja kabla ya Julai: asisahau gitaa. Alfayo akajibu kwa mzaha, "Afande, mimi si mahabusu wako, litakuja bila pingu." Walipoonana Matia akasema, "Sawa. Mimi nauliza tena siku ya kufa." Walicheka mpaka wakashikana. Ila Matia alikuwa mtu wa neno lake. Hakuuliza tena, mwaka hadi mwaka, na haikuwa na haja, kwa sababu gitaa lilifika lenyewe, Julai kwa Julai, miaka ishirini na saba.

Mei mwaka 2022 simu ikalia Mpumudde.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Roselyn, "mzee ameanguka bafuni. Upande wa kulia wote umelala. Mkono wa kulia haupo kabisa."

Alfayo alifunga banda siku ile ile, akaenda Mbale. Alimkuta Matia hospitalini, mdomo umevutwa pembeni, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "afande". Muuguzi akimletea dawa, "afande". Akitaka maji, "afande". Mke wake wa miaka ishirini na sita, "afande". Roselyn alilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Sasa sote tumepandishwa cheo, shemeji."

Alfayo akakaa kitandani. Matia alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake mitupu, kisha akatazama mlangoni nyuma yake. Akatazama tena mikono, akatazama tena mlango. Alfayo akadhani anaona baridi. Akainuka, akaufunga.

Aliporudi Jinja, hakuweza kuacha kuutazama mkono wake wa kulia. Kila alichokuwa nacho cha muziki kilikaa katika mkono huo: dole gumba linalopiga besi, kidole cha shahada kinachopiga wimbo. Akajiwazia, mpiga gitaa aliyeupoteza mkono wa kulia amebaki na nini? Julai ikafika. Nabirye akamwona amekaa, gitaa mapajani, nyuzi hazijageuzwa.

"Zamu ya nani?" akamuuliza.

"Ya Matia."

"Basi?"

"Basi nini, mama? Kiwete utampelekea viatu?"

"Mimi simjui kiwete," Nabirye akasema. "Ninamjua Matia." Akaenda zake jikoni.

Alfayo akajiambia kwamba kumpelekea mgonjwa yule gitaa ni kumcheka. Kwamba akiliona ataumia. Kwamba siku akilihitaji, atauliza. Alijiambia hivyo Julai yote, na ilisikika kama huruma. Lakini mwezi wa Agosti aliamka asubuhi moja, jua limeingia barazani, akalichukua gitaa akapiga, akagundua kwamba hajawahi kulipiga mwezi wa Agosti tangu zamu zianze. Mbao zilikuwa zimekauka kidogo kwa kiangazi kifupi cha pale, sauti yake nyepesi, safi. Na moyo wake ukafurahi. Hiyo furaha, ndugu yangu, ndiyo aliyoificha. Alinieleza mengi kabla hajaifikia, na alipoifikia aliangalia chini.

Alimpigia Roselyn simu kila wiki, kisha kila mwezi. "Mzee anaendeleaje?" "Yupo, shemeji. Anakaa." Hakuna aliyelitaja gitaa. Julai nyingine ikaja ikapita. Kisha simu zikawa za Krismasi na Pasaka tu, maana kila alipoishika simu alisikia aibu, na aibu ikikaa muda mrefu inazaa uvivu.

Mpaka Julai ya 2024. Alikuwa stendi ya Jinja kununua tyubu, akakutana na Tyson, kondakta wa basi la Soroti, aliyelibeba gitaa lile tangu akiwa kijana mpaka sasa ana kitambi.

"Mzee! Siku hizi umenikasirikia? Mgonjwa wangu hunipi tena!" Hivyo ndivyo alivyoliita gitaa, kwa sababu lililala kwenye viti.

"Mwenyewe ni mgonjwa kweli sasa, Tyson. Hawezi kupiga."

"Nani hawezi? Yule afande wa Nakaloke?" Tyson akashangaa. "Mzee, yule anatungoja. Mama anamletea kiti ya plastiki pale steji, kila Julai, siku ya kwanza mpaka katikati ya mwezi. Basi ikisimama ananiangalia mikono. Mimi nasema, afande, hakuna kitu ya Jinja leo. Anasema, 'afande'. Kesho yuko tena. Hata mwaka huu alikuwako, mpaka wiki jana. Mimi nilidhani mmeuza."

Alfayo hakununua tyubu. Alirudi Mpumudde, akafunga banda, akaketi barazani mchana kweupe akazitoa nyuzi zote sita. Nabirye akaleta kitambaa na mafuta, akaupangusa mwili wa gitaa bila kuambiwa. Alfayo akakigeuza kijiti cha mfupa. Uzi wa kwanza ukamponyoka mara mbili. Kesho yake alikuwa kwenye basi.

Na ndipo tulipomwacha, amesimama kando ya barabara, anapumua.

Mwisho alipanda boda. Nyumba ya Matia iko karibu na soko, ukuta wa tofali mbichi, mabati, ua uliofagiliwa. Roselyn alikuwa anaanika mtama. Alipouona mzigo, ungo ulimteleza.

"Shemeji," alisema. Akauokota ungo. Halafu: "Umefika na Julai."

"Nimefika, shemeji. Nimechelewa."

"Umechelewa Julai mbili." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja idadi ya watoto wake. "Njoo. Yuko nyuma."

Matia alikuwa nyuma ya jiko, kwenye kile kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Kando yake palikuwa na beseni la njugu. Alikuwa anazimenya kwa mkono wa kushoto peke yake. Dole gumba linakandamiza, kidole cha shahada kinachokoa, ganda linapasuka, njugu inaruka bakulini. Gumba, shahada. Gumba, shahada. Haraka, sawasawa, bila kuangalia.

Alfayo akasimama palepale.

Umekwisha kuliona alilokuwa hajaliona yeye? Matia alikuwa mtu wa kushoto. Mkono wake wa kupigia, wenye muziki wote, ulikuwa wa kushoto, na huo haukuguswa na kiharusi. Uliokufa ni wa kubonyeza tu. Alfayo aliyageuza yale mambo kwa mikono yake miaka ishirini na saba, uzi kwa uzi, hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye mkono upi wa Matia ulifanya nini. Lakini Roselyn aliposema mkono wa kulia haupo, yeye alisikia kwa mwili wake mwenyewe. Alimlilia Matia kwa mkono wa Alfayo.

Roselyn ndiye aliyefungua kamba, kwa sababu wenyewe walikuwa wanaangaliana. Matia alipoliona gitaa, alitoa sauti ambayo si neno. Akalivuta kwa kushoto, akalilaza pajani, shingo kulia kama zamani. Akapitisha dole gumba kwenye nyuzi. Zilikuwa sawa. Zilikuwa zake. Akaanza ule mpigo wao wa harusi, lakini bila mkono wa kubonyeza nyuzi zilitoa kelele isiyo na maana, naye akasimama, akamtazama Alfayo.

Alfayo akavuta kigoda upande wa shingo. "Nitakubonyezea," akasema. "Wewe piga tu."

Wakajaribu. Lakini kwa shingo iliyoelekea kulia ilimbidi Alfayo abonyeze kwa mkono wa kulia, na vidole vya mkono huo havikuwahi kubonyeza uzi hata siku moja maishani. Vilijua kuchokoa, havikujua kukaa. Kila Matia alipobadili, yeye alikuwa bado njiani. Kila alipofika, wimbo ulikuwa umekwisha kuondoka.

"Shemeji, unabonyeza kama unaua siafu," Roselyn akasema.

Nusu ya uso wa Matia ilicheka. Wakajaribu tena. Wakajaribu mara nyingi, mpaka vidole vya Alfayo vikachanika kama vile vya zamani, na haukutoka wimbo. Hapo ndipo Matia alipoanza kulia, kwa jicho moja zaidi kuliko la pili.

Alfayo akalichukua gitaa. Huko kwao Bungoma wazee wana namna yao ya kukaza nyuzi, ambayo ukizipiga tupu, bila kubonyeza popote, zinakubaliana zote. Hawakuwa wakiitumia Jinja, waliiona ya kishamba. Akalegeza uzi huu, akakaza ule, akasikiliza, akalirudisha pajani pa mwenzake.

Gumba la Matia likashuka. Gitaa lote likajibu kwa sauti moja tamu. Akashangaa. Akapiga tena. Kisha kidole cha shahada kikaingia, gumba chini, shahada juu, na ule mkono ukatembea kama haujawahi kukaa. Ulikuwa ni muziki wa sauti moja tu, hauendi popote, hauna kupanda wala kushuka. Lakini ulikuwa muziki. Mkono mmoja uliutosha. Angeweza kuupiga jana. Angeweza kuupiga miaka miwili iliyopita, siku aliyotoka hospitali.

Alfayo alisubiri amalize ili aseme neno lake. Matia hakumaliza. Alipiga chai ikaletwa ikapoa. Alipiga Roselyn akarudi kwenye mtama wake, akatoka tena, akakaa chini na kufunika uso kwa khanga.

"Kwa nini hukuniambia, shemeji?" Alfayo akamuuliza kwa sauti ya chini. "Simu zote zile. Neno moja tu."

"Alinikataza. Kila nikishika simu yako alipiga meza kwa mkono huu huu. Nikaelewa hataki kuuliza. Ulikuwa mzaha wenu, sijui. Mimi nilidhani wewe unajua unachokifanya."

Ndipo Alfayo akasema. Alisema muziki ukiendelea, kwa sababu aliona usipoendelea hatakuwa na nguvu. Alisema, "Matia, nilidhani mkono wako ni huu wangu. Nilikosea." Akasema, "Nilidhani nakuhurumia." Kisha akasema na lile la Agosti, kwamba alifurahi, kwamba alilipenda gitaa likiwa lake peke yake, na kwamba kwa ndani alitamani Matia asiulize. "Nisamehe, bwana wangu," akasema. "Nisamehe, Matia."

Mkono ukasimama. Kiganja kikalala juu ya nyuzi, kukawa kimya. Matia akamtazama kwa muda, na uso ule uliovutika ulikuwa hausomeki, kama ulivyokuwa hausomeki hata ukiwa mzima.

"Afande," akasema.

Akaanza kupiga tena.

Alfayo alilala Nakaloke siku mbili, akaliacha gitaa. Roselyn anasema Matia alilipiga kila siku baada ya chai, mpaka wauza nyanya wakaujua mpigo ule wa sauti moja na kuufanyia mzaha, na wengine kuucheza. Alipiga Agosti yote. Septemba, tarehe kumi na moja, kiharusi kikarudi, na hakikuacha kitu. Walimzika kwao Kumi.

Baada ya mazishi Alfayo alimwita Roselyn pembeni. "Shemeji, wewe ulikaa naye. Nieleze ukweli. Alinisamehe?"

Roselyn alifikiri sana. "Shemeji," alisema, "neno lake lilikuwa moja. Alilisema hata kwa jogoo."

Tangu siku hiyo Alfayo humuuliza kila anayekalia tairi pale bandani. Gordon anasema kusamehewa ni kule kupiga: mtu mwenye kinyongo asingeendelea kupiga mbele yako. Nabirye anasema mwenye njaa akiletewa chakula hali kwa sababu amemsamehe aliyemchelewesha, anakula kwa sababu ana njaa. Alfayo huwasikiliza wote wawili, mikono juu ya magoti. Aliponiuliza mimi, nikasema nitawauliza wengine.

Nawe umekaa nasi mpaka hapa, umeusikia ukimya wa kile kiganja juu ya nyuzi, na umelisikia neno lililofuata. Wewe ulilisikiaje?